Albamu Tuliyoiimba Mmojammoja

Siku ya kwanza kazini nilivalishwa kofia pana ya ngozi iliyonibana kichwa. Meneja wa Burudani wa hoteli ile ya Al Garhoud, Dubai, Mlebanoni mwenye haraka zake, aliniangalia akasema, "Tabasamu, imba, khalas," yaani basi, yameisha. Hakuuliza naimba sauti gani. Ni teno, na muziki wa kantri niliupenda redioni kwetu Njoro kabla sijakielewa Kiingereza chake.

Tulikuwa wanne katika bendi ile ya kantri. Nekesa wa Bungoma, mcheshi kupita kiasi, alishika soprano. Nansubuga wa Masaka, alto. Na Okello wa Gulu, besi. Tulizunguka maikrofoni moja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, vijana: mwenye sauti kali anarudi nyuma kidogo, mwenye sauti nzito anasogea, mpaka zinalingana bila fundi kugusa kitu. Wala hakuna aliyehesabu. Okello alivuta pumzi kama mtu anayeinua gunia, nasi tukiisikia tunaingia pamoja. Hatukujua kuingia kwa namna nyingine.

Miaka mingi baadaye, tulipopata nafasi ya kurekodi albamu, tukapatana tuimbe sote kwa pamoja, maikrofoni moja. Nilikuwa nimeshazeeka na sikutaka kitu kingine duniani. Kabla siku hiyo haijafika, hoteli ikaleta DJ. "Si kwa ubaya, sir," Meneja aliniambia. "Wageni wamechoka na kofia." Visa zikafutwa. Okello akaimba sehemu yake peke yake, akaelekea uwanja wa ndege. Nansubuga akafuata. Nekesa, aliyepata kazi katika mkahawa wa Jumeirah Lakes Towers, alipewa ruhusa ya kwenda kurekodi siku ambayo mimi nilikuwa nahangaikia karatasi zangu. Nikabaki wa mwisho.

Studio ilikuwa chumba cha kulala katika fleti ya Jumeirah Village Circle, kuta zimebandikwa sponji. Fundi mitambo, Salum, wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Dubai tangu zamani, alinivisha vipokea sauti masikioni. Wenzangu watatu wakaanza kuimba. Nikachelewa kuingia. Tukarudia, nikachelewa tena.

"Mzee wangu, una nini leo?"

"Okello havuti pumzi."

"Nimeikata. Pumzi zote huzikata mimi, zachafua kazi."

"Nirudishie, kijana wangu."

Akanirudishia. Nikaisikia, nikaingia sawasawa, na machozi yakanitoka palepale mbele ya maikrofoni. Salum alijifanya anatazama nyaya. Tulipomaliza nyimbo zote alisema kwa upole, "Lakini mwishoni pumzi n'tazitoa. Mwenye studio ataka kazi safi."

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nimestaafu Njoro, wanangu wako mbali, na mama yao alishatangulia. Albamu ni nzuri, sikatai. Jirani akiisikia husema, "Mlikuwa mmesimama karibu kweli nyinyi," nami huitikia tu, maana maelezo ni marefu. Vijana, rekodini pamoja hata kama mtakosea. Kosa la watu wanne waliosimama pamoja linasikika vizuri kuliko mnavyodhani. Nina upweke, sioni haya kusema. Jioni nyingine huiweka albamu yetu, nikasimama sebuleni niimbe nao. Kila wimbo naingia nimechelewa.