Jina la Aliyepanda Treni

Ngo! Ngo! Kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo ya stesheni ya Shinyanga kiligongwa, na baba akauachia mkono wa bintiye. Sauti hiyo Eufrasia hajaisahau tangu utotoni.

Baba yake, Masele, alikuwa kijana reli ilipofika. Alibeba mawe ya kujengea stesheni, akaiona treni ya kwanza ya abiria ikiingia, akina mama wakiwafunika watoto nyuso, ng'ombe wakitawanyika mbugani. Yeye alicheka tu. Miaka mingi baadaye alipanda behewa la mabenchi ya mbao, akaenda Tanga kukata mkonge. Hakurudi, wala habari zake hazikurudi.

Eufrasia alipopata mjukuu wa kiume, ukoo ulimrithisha jina la Masele. Tangu hapo, kama ilivyo desturi ya Wasukuma, bibi humwita mjukuu wake baba.

Sasa Masele huyu naye amepata kibarua kwenye ujenzi wa reli mpya, upande wa Tabora, na anaondoka kwa treni. Asubuhi, nyumbani Kolandoto, Eufrasia alikificha kiatu kimoja cha mjukuu ndani ya pipa la mtama. Kijana mtanashati kama yule, aliwaza, hawezi kusafiri bila viatu. Masele alitafuta weee, kisha akavaa ndala.

"Baba, kaa hapa kivulini," Eufrasia alimwambia stesheni.

Muuza mayai akadakia, "Mama, katoto haka ndiko baba yako? Ndiko kalikomuoa mama yako?"

"Ndiye," Eufrasia alijibu. Hakucheka.

Treni iliingia, ardhi ikatetemeka mpaka magotini mwake. Akalishika shati la mjukuu kwa mikono miwili.

"Baba, usipande. Kazi nyingine itapatikana."

"Bibi, treni ya siku hizi haili watu."

"Hata ile hakuna aliyeiona ikila."

Masele alivibandua vidole vya bibi yake taratibu, kimoja kimoja, akapanda. Mara akatoa kichwa dirishani, meno yote nje.

"Kile kiatu nitunzie, Bibi! Nilikiona kwenye pipa. Nimekiacha makusudi, nitakifuata!"

Watu wakaangua kicheko. Behewa likaanza kusogea. Eufrasia alitembea nalo sambamba, kiganja kikiwa juu ya bati lake, mpaka bati likamponyoka.

"Baba," alisema, kwa sauti ambayo hata muuza mayai aliyekuwa ubavuni pake aliisikia kwa shida, "mara ile uliacha fimbo, ukasema hivyo hivyo."