Nimetoka kwenye kompyuta ya Mama bila kuaga

Leo nimejifungia nje mwenyewe, tena mbele ya mashangazi 🤦🏾

Mama yuko Louisville, mimi Columbus. Nilikuwa naipanga kompyuta yake kutoka huku, ijiunge na intaneti yenyewe kila inapowashwa. Mashangazi wamemzunguka, wanatazama skrini.

Bon, nikataka kuijaribu. Nikaiamuru ikate intaneti.

Ikakata. Na mimi nikakatika, maana niliingia kwenye kompyuta yake kwa intaneti hiyohiyo!

Simu ikalia. Mama.

"Wewe, unatoka bila kuaga watu?"

"Mama, izime, halafu uiwashe."

Akaizima, akaiwasha. Intaneti ikarudi yenyewe, nikaingia, nikapiga kelele ya furaha.

"Umerudi?" Mama akasema. "Basi salimia watu upya. Anza na shangazi mkubwa."

Kompyuta ilishawaka zamani. Mimi bado nasalimia.