Siku Niliyoilalia Milima ya Uluguru

Haya, chekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea, ila mkinikuta gulioni msiniite "Mwalimu Milima" mbele ya wauza kabichi, wanaoniita hivyo wanatosha.

Ilikuwa hivi. Darasani kwangu, hapa juu Mgeta, nina mtoto anaitwa Mwanaidi, haoni kabisa, analelewa na bibi yake, na mdomo wake (Mungu amtunze) haujui kupumzika. Afisa elimu wa kata, mama mmoja asiyecheka ovyo, alishasema kama mtoto hawezi kwenda sawa na wenzake basi ahamishiwe shule ya bweni huko mbali, na Mwanaidi akanishika gauni, "Mwalimu, mimi bila bibi silali." Nikaapa haondoki mtu. Siku ya kupimwa somo lilikuwa ramani, na ramani ya kitabuni kwake ni karatasi laini tu, kwa hiyo nikakanda unga wa ngano kama wa chapati, nikafinyanga Uluguru nzima kwenye sinia: magharibi maharage, ndiyo Mgeta yetu, mashariki punje za mahindi, ndiyo Mkuyuni, na barabara uzi wa katani.

Asubuhi nikaketi nayo nje ya darasa, nikajisemea ngoja nifumbe macho niisome kwa vidole, kama atakavyoisoma yeye. Basi! Kosa ndilo hilo. Ukungu unashuka taratibu, maji yanasikika bondeni, giligilani inanukia, vidole vinapanda mlima, vinashuka, vinapanda tena... nikajiona naelea juu ya mashamba yote, mwepesi, sina hata viatu, na wingu likanipokea, laini, la baridi, linanukia chapati (hapo ningeshtuka, lakini wapi).

"Mwalimu!"

Mwalimu mkuu huyo, na afisa ubavuni, na darasa zima nyuma yao. Nikainuka haraka, na milima karibu yote ikainuka na mimi. Unga shavu zima, uzi unaning'inia sikioni. Nikasema "Shikamoo, mama," harage likadondoka.

"Marahaba. Ramani ya mtoto iko wapi?"

Jamani, nilitamani kuyeyuka. Mwanaidi akapapasa sinia, akaguna. "Mwalimu, milima imeisha."

"Iko shavuni kwa mwalimu!" wenzake wakapasuka kwa kicheko.

Nikanyanyua mkono nifute. "Usifute!" akasema Mwanaidi, akaja na mikono yote miwili. Nikainama, na kwa aibu nikafumba macho tena, nasikia vile vidole vya baridi vinatembea usoni polepole.

"Huu uzi, barabara. Haya maharage, kwetu Mgeta." Vidole vikafika kwenye punje za mahindi. "Lakini Mwalimu, umeipindua! Mkuyuni si iko mashariki? Hapa imekuja kwetu, sisi tumehamia kwao."

Afisa akaliangalia shavu, akaangalia mashimo yaliyobaki kwenye sinia, na kweli, kila kitu kilikuwa kimegeuka kama kwenye kioo. Mama yule alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu anabaki na bibi yake," akasema. "Mwenye mashaka ni wewe, mwalimu."

Nililia palepale, unga ukawa uji. Siku hizi natumia udongo, nauanika mpaka uwe mgumu kama tofali, na darasa zima linafumba macho, linagombania zamu. Mimi sifumbi tena, nimekoma. Lakini nikinyamaza kidogo tu, Mwanaidi anauliza kwa sauti, wote wasikie, "Mwalimu, uko macho?"