Radhi ya Kaka Saud

Kaltham alikuwa mkunga miaka mingi Nizwa, Omani, na mkunga hana subira ya maneno marefu. Alipopata nafasi ya kwenda Hija mwaka huu, alitaka radhi kama ada inavyomtaka msafiri wa Makka, ila yeye alitumia simu: sauti moja, "Niwieni radhi nyote," akaituma kwa ukoo mzima kwa mkupuo, na muuza samaki akapata yake. Majibu yalimiminika. Kakaake Saud, anayekaa Izki, ndiye pekee aliyenyamaza.

Ukimya ule ulimtafuna. Mama yao alipozidiwa, Kaltham alimtoa nyumbani kwa Saud akamchukua kwake, na huko ndiko alikofia. Tangu hapo walisalimiana kwa adabu tu, na adabu baina ya watu waliokula sahani moja utotoni Unguja ni baridi kuliko matusi. Aende Makka na kinyongo cha kaka nyuma yake, Hija gani hiyo?

Akamfuata Izki. "Shikamoo kaka. Nataka tuipande njia ya mahujaji."

"Marahaba. Ndege zimekwisha Maskati?" akauliza Saud, naye keshainama kutafuta viatu.

Njia yenyewe ni ngazi za mawe zinazoukwea mlima. Zamani mahujaji waliipita kwa miguu na punda, na jamaa wakiwasindikiza mpaka juu, kwenye uwazi baina ya vilele viwili. Hapo ndipo walipopeana radhi na kuagana. Ndiyo maana Kaltham aliichagua.

Walipanda polepole, magoti yakilalamika. Saud alitangulia akijaribu kila jiwe kwa bakora, na kila lililotikisika alimkaripia dadaake, utadhani yeye ndiye aliyelilegeza. Chini, mitende ya Izki ikawa kama fungu la mchicha.

Walipofika wakaketi. Kaltham alikuwa na hotuba nzima, ikamtoka hivi tu: "Kaka, niwie radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa mama."

"Hilo lilikwisha siku tuliyomzika. Wewe ulijua kumuuguza. Mimi nilikuwa nalia tu."

"Basi mbona hukunijibu?"

Saud akachokoa changarawe kwa bakora. "Babu alipokwenda Hija aliagia hapa. Wote wakamwia radhi, hakubaki hata mmoja. Akenda, asirudi. Wallahi Kaltham, nikasema mimi yangu nitaizuia. Nikikunyima, itakubidi urudi uifuate."

Kaltham, aliyezoea kuwatuliza wanaume wenye hofu nje ya chumba cha kuzalia, akamsogelea kakaake. Kumbe miezi yote alikuwa akiogopa hasira ambayo haikuwepo.

"Na nikifia huko bila radhi yako?" akauliza taratibu.

Hilo Saud hakulifikiria. Machozi yakamshuka ndevuni wala hakuyafuta.

"Nimekuwia radhi, duniani na akhera," akasema. "Nenda, dadaangu."

Alisema nenda, na mkono wake umekamata upindo wa baibui la dadaake. Kaltham hakuubandua mkono ule.