Gurudumu Lililobaki Baridi

Fundi wa breki haamini macho, anaamini mgongo wa mkono. Tela likirudi kutoka kujaribiwa, huchutama na kugusa kila gurudumu kama mtu anayepima homa ya mtoto, ila yeye huitaka hiyo homa: gurudumu lililofunga breki sawasawa huwa la moto. Leo mwenye tela, lile la kulala familia nzima, alimtazama kwenye kioo cha gari linalolivuta huku injini ikinguruma na watoto wakigombania dirisha. Mteremko ulianzia pale pale getini mwa gereji. Jana, kwa kukosa breki, tela lilikuwa limemsukuma mwenyewe na gari lake hadi ukingoni mwa kona.

"Fundi, tuachie basi! Ama unalichumbia hilo tela?"

Fundi hakucheka. Magurudumu matatu yalikuwa ya moto. Kwenye la nne mkono ulitua, ukakaa. Akalifungua, akanusa vidole. Grisi aliyoishindilia mwenyewe asubuhi ilikuwa imevuja hadi kwenye breki. Sauti yake, ambayo kila siku husikika hadi barabarani, ikawa ndogo.

"Hii ni kazi ya mkono wangu, kaka."

"Lakini hayo matatu si yanashika?"

Fundi akapenyeza mkono dirishani, akazima injini, akautia ufunguo mfukoni.

"Shusha watoto kwanza. Halafu nitukane vizuri."