Kikombe cha Mpingo

Kabla sijaanza, niseme nani alimwacha mama yangu kipofu, maana wanaosimulia miaka ile husimulia kana kwamba mambo yalijitokea tu kama mvua. Alikuwa katibu wa kijiji chetu cha ujamaa, ng'ambo ya Kikole, huko Kilwa. Jina silitaji, kwani watoto wake tunaswali nao msikiti mmoja. Cheo nakitaja. Wa pili nitamtaja mwishoni.

Shule niliishia darasa la tatu. Udereva nilijifunza kwenye shamba la mkonge, na shamba lilipochukuliwa na serikali, pikapu ya meneja ikaletwa kijijini, nami nikaja nayo kama tela. Ilikuwa kuukuu tayari. Chini ya dashibodi meneja alikuwa amefungisha mashine ya baridi, sanduku la bati lenye matundu. Watu walikuwa wakiingiza vidole mle kutafuta barafu.

Pikapu hiyo ndiyo iliyotuhamisha. Mama alipanda nyuma na kinu chake na kuku wawili. Macho yake yalikuwa yameshafunga ukungu. Tulipomshusha akauliza, "Baba, mikorosho ipo huku?"

Nikamwambia ipo. Hapakuwa na hata mmoja.

Mwaka wa pili ikaja habari kwamba daktari wa macho atakaa hospitali ya Lindi siku tatu tu, yule anayetoa mtoto wa jicho, halafu anarudi kwao. Basi lilikuwa linapita barabara kuu siku likijisikia. Mwenyekiti wa kijiji akasema pikapu impeleke mama. Mama akafunga kibunda chake siku hiyo hiyo, ingawa zilibaki siku tisa.

Lakini pikapu ilikuwa mgonjwa kuliko yeye. Usukani ulikuwa unacheza. Unauzungusha karibu robo duara ndipo magurudumu yasikie, na barabara ikiwa na makorongo inakuvuta kushoto kama ng'ombe aliyeona maji. Nikainua mbele kwa magogo, nikalala chini, nikamwambia mke wangu azungushe usukani taratibu huku natazama kipi kinatikisika na kipi hakitikisiki. Boksi la usukani lilikuwa zima. Mikono yake ya chuma ilikuwa mizima. Kilichokufa ni kikombe kinachoshika ile gololi ya mwisho wa tairodi, chuma kinachogeuza gurudumu, upande wa kushoto. Gololi ilikuwa inagongagonga mle kama jino bovu.

Lindi nilikwenda kwa baiskeli ya kuazima. Mtunza bohari ya spea hata hakuinuka. "Spea za gari hili? Nenda kaziombe makaburini." Nikarudi mikono mitupu.

Kijijini tulikuwa na Mmakonde mmoja mchonga vinyago. Sisi wa kabila la Wamachinga na wao ni watani, kwa hiyo nilijua nitasimangwa kabla ya kusaidiwa.

"Mmachinga wewe," akasema, "chuma kimekushinda, sasa unakuja kulilia mti?"

"Mti wako ukinishinda nitakuita kinyago mwenyewe. Chonga."

Akauzungusha ule mwisho wa tairodi mkononi muda mrefu. Akachagua kipande cha moyo wa mpingo, akachonga kikombe, akakisugua mpaka gololi ikakaa mle kama jicho. Siku mbili. Nikakifunga, nikaendesha mpaka mtoni na kurudi, usukani ukatii. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile tena.

"Kila asubuhi grisi," fundi akaniambia. "Grisi, si kitu kingine. Mpingo ukikauka unapasuka kama chungu."

Grisi kijijini ilikuwa kopo moja, nusu.

Sasa ndipo katibu alipoingia. Mgeni mkubwa kutoka mkoani alikuwa anakuja kukagua shamba la pamoja, siku mbili kabla ya safari ya mama, na katibu akataka ampokee kwenye baridi. Akaja ameshika kofia.

"Ndugu dereva, mashine ya baridi haifanyi kazi."

Nilikuwa nimeshaikagua. Mkanda ulikuwepo, puli unayoizungusha ilikuwa inalia, lakini mpira wa gesi ulikuwa umechanika tangu enzi za meneja. Nikamwambia gesi imekwisha, kinachotoka mle ni joto la injini tu.

"Inalia kwa sababu ni kavu. Ipake grisi."

"Grisi ni ya usukani, ndugu katibu. Na ukipaka, itaacha kulia tu. Baridi haitakuja."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

Akasimama pale mpaka nikalikwangua kopo lote kwenye ile puli. Ikanyamaza. Akatabasamu, akatundika kitambaa cha maji mbele ya matundu, akajipepea.

Usukani nikabaki nao mkavu. Nikamwendea mama. Alikuwa na chupa ya mafuta ya ufuta, aliyakamua mwenyewe kabla ya kuhamishwa, amebakiza kidogo. Nikamwambia ni ya gari litakalompeleka Lindi. Akanipa yote, akaifuta chupa kwa kidole na kidole akajipaka kichwani.

Nikayamimina kwenye kikombe.

Mgeni tulimchukua barabara kuu, mchana, kiangazi, vumbi tupu. Alikaa katikati, katibu mlangoni. Kitambaa kilikauka kabla hatujafika mbali, na matundu yakaanza kutema joto na vumbi. Mgeni akamuuliza katibu, "Hii ndiyo baridi yenyewe?" Katibu akafungua mdomo ajibu, nikasikia kushoto kitu kinapasuka, mlio mdogo tu, kama korosho motoni. Usukani ukazunguka mikononi mwangu mzima mzima, haukushika kitu. Tukaingia kwenye mtaro.

Hakufa mtu. Mgeni alichubuka goti. Katibu alitokea dirishani, na neno lake la kwanza lilikuwa "Hujuma!" Nikawekwa ndani Kilwa siku kumi na moja. Hakuna aliyenishtaki, hakuna aliyeniuliza. Mwenyekiti, aliyeahidi gari mbele ya mama, hakutuma hata salamu.

Mke wangu aliniambia mama alikaa kizingitini na kibunda chake siku zote tatu za daktari. Kila kikipita chombo mbali barabarani anasimama.

Niliporudi nilikuwa na kikombe mfukoni, vipande viwili. Mama akavipapasa. Ndani kulikuwa na mikwaruzo kama imepigwa msasa. Mafuta ya ufuta ni mepesi, yanayanywa mavumbi, na mavumbi yakala mpingo. Fundi alikuwa ameniambia: grisi, si kitu kingine.

"Mafuta yangu yalikuwa machache, eti baba?" akauliza.

Nikamjibu, "Yalikuwa machache, mama."

Akaomba radhi. Mama yangu aliniomba mimi radhi, na mimi nikaipokea. Aliishi miaka kumi na minne zaidi katika kijiji ambacho hakuwahi kukiona, na kila akikumbuka husema angebana zaidi siku ile ya kukamua. Sikumsahihisha hata mara moja. Huyo wa pili ndiye mimi.