Pikapu ya Baba

Juzi mjini Mbinga nilimpita fundi akichomelea waya za gitaa la besi, na moshi wake ukanirudisha utotoni, barazani kwetu Mbamba Bay. Baba, macho mekundu, alikuwa amelifungua gitaa la kwaya.

“Nageuza waya za pikapu, sauti itulie kwenye misa ya kesho,” alisema kwa uchovu.

Pikapu niliyoijua mimi ilikuwa gari. Sikujua kwamba ya gitaa ni kisumaku kinachonasa sauti ya nyuzi. Nikavaa viatu, nikafungasha kanga za Mama, tayari kupanda Litembo, hospitali alikolazwa. Baba akagusa uzi. Ukavuma mzito, polepole.

“Imepona, Baba? Twende kwa Mama?”

Akapiga magoti, akanivua viatu.

Kesho yake pikapu ilikuja kweli, imebeba jeneza la Mama.